Sajini Hakuambiwa Kuwa Tumehama

Jumatatu, 8 Desemba 1975. Nyanungu.

Shule imekwisha. Majina ya kwenda sekondari bado hayajaja. Felista wa jirani anasema lake limo, aliota. Mimi sijaota kitu. Daftari langu la sayansi limebakiza kurasa nyingi, kwa hiyo nimeanza kuandika mambo yangu humu, baada ya mchoro wa chura.

Leo mkutano wa nyumba kumi. Ulifanyika kwa balozi wetu, Mzee Nyangwine, ambaye ni baba yake Felista. (Huo ndio msalaba wangu.) Habari mbaya! Kijiji cha pili mbwa mwenye kichaa ameuma ndama. Amri imeshuka kwamba mbwa wapunguzwe. Jumamosi Kisyeri na mgambo wake watapita nyumba hadi nyumba. Mbwa mwenye kazi atabaki. Asiye na kazi atapigwa rungu. Balozi alisema katika kijiji cha ujamaa hakuna kula bure, awe mtu, awe mbwa. Alisema huku anatazama chini, kama mtu anayesoma ardhi.

Watu wote wakanitazama mimi.

Ni kwa sababu ya Sajini. Sajini ni mbwa wa marehemu Babu. Babu alipigana vita Burma akarudi bila cheo chochote, kwa hiyo cheo alichokitaka akampa mbwa. Nilikuwa bado natambaa Sajini alipoletwa. Bibi anasema tulikuwa tunakula sahani moja na yeye ndiye alikuwa mstaarabu. Sasa amezeeka. Jicho moja limekuwa jeupe kama maziwa. Masikio hayasikii. Mimi ndiye muuguzi wake. Namlainishia ugali kwa maziwa, namkanda nyonga kwa maji ya moto, namtoa kupe, namvusha kizingiti. Kumwamsha napiga mguu chini kwa nguvu, kwa kuwa sauti hazimfikii, ila ardhi anaisikia. Kazi hana. Analala tu juu ya miguu ya Bibi, ambayo haipati joto hata jua likiwaka.

Tena ana tabia mbaya. Alasiri huondoka. Mwaka jana tulipohamishiwa hapa, nyumba zote mstari mmoja, Sajini alihama nasi kwa siku moja tu. Kesho yake alirudi kule mahameni, kwetu kwa zamani, akakaa palipokuwa mlango wa zizi. Watu haturuhusiwi kurudi kule, si kulima, si hata kuchuma mboga. Balozi mwenyewe ndiye aliyetusomea katazo hilo. Lakini Sajini huenda kila siku, anachechemea, na giza likianza kuingia anarudi ananuka moshi na tumbo limejaa. Nadhani anakamata panya. Kwa meno yapi, sijui. Bibi humnusa shingoni, anasema, "Amefika." Anasema hakuna aliyemweleza mbwa habari za Operesheni Vijiji.

Baada ya mkutano Balozi alikuja kwa Bibi taratibu. Akasema mgambo watakagua mbwa waliopo nyumbani. Akarudia: waliopo. Kuhusu asiyekuwepo, yeye hana la kusema. Akakohoa. Bibi akasema amesikia.

Na mimi nimesikia! Onyo kali hilo. Shuleni mahudhurio yakiitwa, asiyekuwepo ndiye aliyechapwa. Sajini akikosekana Jumamosi tumekwisha. Lazima awepo. Na lazima awe na kazi. Nikanyoosha mkono nimuulize Balozi zaidi. Nikaona aibu. Nikajifanya najikuna kichwa.

Jumanne, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru.

Mpango wa kwanza. Mgambo wangepiga kwata uwanjani mbele ya kijiji kizima. Sajini ni jina la kijeshi. Akionekana karibu na gwaride, Kisyeri atamhesabu kama askari mwenzake, na askari hauawi na askari mwenzake. Mpango safi kabisa.

Nilimwogesha. Nikamfunga kitambaa cha kijani shingoni. Nikamweka pembeni mwa uwanja, nikasogea nyuma ya wanawake ili nisionekane.

Mgambo wakaingia, kushoto, kulia, vumbi juu. Sajini akanyanyuka! Akatembea mpaka katikati ya uwanja, akazunguka mara kadhaa, akalala. Hakusikia kwata. Au aliisikia kwa tumbo akaona inabembeleza. Mstari wa mbele ukamkwepa kushoto, wa nyuma ukamkwepa kulia, Kisyeri aliyekuwa anarudi kinyumenyume akimtoa mtu makosa akamkanyaga mkia, akaanguka na rungu lake. Watu walicheka hadi mama mmoja akamwangusha mtoto mgongoni. (Mtoto ni mzima.)

Kisyeri akainuka, akauliza mbwa huyu ni wa nani. Ningeweza kunyamaza tu. Lakini Felista akapaza sauti: "Wa kwa kina Wegesa! Yule pale nyuma, kajificha!" Nikatokeza. Kisyeri alimaliza shule juzi tu, tulikuwa tunateka maji naye kisima kimoja, nami kwa hofu nikamwamkia shikamoo. Watu wakacheka upya.

Akasema Jumamosi ataonana na mbwa huyu. Asubuhi Kisyeri alikuwa hamjui Sajini hata kwa sura. Sasa anamjua hadi mkia.

Alasiri Sajini alikwenda zake mahameni na kitambaa shingoni. Amerudi bila kitambaa.

Jumatano, 10 Desemba.

Mpango wa pili, mzuri kuliko wa kwanza. Nyani wanamaliza mahindi ya shamba la kijiji. Wazee wanalalamika, mwenyekiti analalamika. Sajini atakuwa mlinzi wa shamba. Kazi ya umma!

Nilikwenda kwa Balozi kuomba ruhusa. Nilisimama uani kwake muda mrefu. Maneno hayakutoka. Felista akanipita na ndoo, akaniuliza kama nimepandwa pale. Mwishowe Balozi mwenyewe akaniuliza nina shida gani. Nikasema, Sajini. Akashusha pumzi. Akasema mbwa mzee aachwe apumzike. Akasema wako wazee wengine ambao Ijumaa huenda matembezi na kurudi Jumapili, na hakuna anayewauliza. Nikamshukuru. Sikuelewa wazee wanaingiaje katika habari ya nyani, ila hakukataa.

Nikampeleka Sajini shambani. Nikamlaza kwenye tuta, nikajificha kwenye mahindi nishuhudie kazi.

Nyani walikuja kundi zima. Dume moja kubwa likamwendea Sajini. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nyani yule alikuwa amekaa nyuma yake, anamtoa kupe! Anachagua kwa vidole kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na kila alichopata akala. Sajini kafumba jicho lake zima, kanyoosha shingo. Wenzake huku wanavunja mahindi na kupita nayo mbele ya pua yake. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti kama ya kifaranga.

Nani alikuwa anapita njiani? Felista. Akasema sasa Sajini ana mfanyakazi, kwa hiyo yeye ni bepari. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni mwenyekiti alimwita Baba. Mahindi yaliyoliwa leo yamezidi ya juzi na jana. Baba amerudi hasemi. Baba yangu, Mzee Heche, akinyamaza hivyo ni afadhali angepiga.

Lakini kusema kweli kupe wote wametoka. Nyani yule ni muuguzi hodari kuliko mimi. Nimeona wivu kidogo.

Alhamisi, 11 Desemba.

Masizi ya chungu na samli. Nikampaka Sajini mdomo, nyusi na kifua, mvi zote zikapotea. Alionekana kijana wa kuoa! Kisha akaenda kulala juu ya miguu ya Bibi, na Bibi alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisani.

Bibi hakunigombeza. Alitazama gauni, akatazama mbwa, akauliza mzee aliyetakiwa kufanywa kijana leo ni yupi, kwa sababu dawa imempata yeye. Kisha akaniambia taratibu kwamba kesho Sajini akiondoka alasiri nimwache alale huko huko kwake. Nikamwambia Bibi, hapa ndipo kwake sasa. Bibi akasema, haya.

Amesahau ukaguzi. Uzee ni kitu kibaya. Nitamfunga Sajini kamba.

Ijumaa, 12 Desemba.

Siku ndefu. Mkono unauma, ila lazima niandike.

Asubuhi niligundua tatizo: Sajini habweki. Tangu masika hajabweka. Mbwa asiyebweka ana kazi gani? Felista ana mbwa anaitwa Radi, anabwekea mpaka kivuli chake, naye atapita ukaguzi bila shida. Nilifikiri sana. Nikapata jibu. Nitabweka mimi! Kisyeri akija nitakuwa nyuma ya ghala, Sajini mbele ya ghala, mdomo wake na sauti yangu.

Nikaenda nyuma ya ghala kujizoeza. Mwanzoni haikutoka. Nikafumba macho nikamfikiria Sajini akipigwa rungu. Ikatoka! Sauti kubwa! Sijawahi kuwa na sauti kubwa namna hiyo maishani mwangu. Nilibweka, nikanguruma, nikamalizia kwa kulia kidogo kama wanavyofanya. Nilisikia raha ajabu. Nikaendelea.

Nilipofumbua macho, Baba alikuwa amesimama na panga. Nyuma yake jirani wa kulia na mkuki. Nyuma yao Balozi na kipande cha kuni, na wanawake juu ya kichuguu wamebeba watoto. Walidhani ni mbwa mwenye kichaa. Nikasema nilikuwa nakohoa.

Habari zikamfikia Kisyeri. Ametuma neno kwamba kesho ukaguzi utaanzia kwetu, na atakuja na rungu kubwa.

Alasiri nikakuta kamba imefunguliwa. Bibi amekaa mlangoni, anatazama mawingu. Sajini hayupo. Nikatoka mbio kumfuata.

Sikuwa nimefika mahameni tangu tuhame. Migomba yetu imeota porini. Zizi limebaki mawe. Mlangoni pa zizi ndipo kaburi la Babu, na majani yake yamelala mahali pamoja kwa ukubwa wa mbwa. Lakini Sajini hakuwepo. Nikaona moshi. Unatoka palipokuwa kwa Mzee Nyangwine, ng'ambo ya kijito.

Na nani kakaa pale? Mzee Nyangwine! Balozi wetu. Amewasha moto kwenye mafiga yake ya zamani. Nyuma yake kitalu cha tumbaku, kimepaliliwa vizuri, na mbuzi wawili wamefungwa. Sajini yuko mbele yake anakunywa maziwa kwenye kata, shingoni ana kitambaa cha kijani, kimefuliwa.

Balozi aliponiona aliruka kama aliyekalia siafu. Nikamwamkia. Akasema marahaba, anakagua mipaka ya kijiji. Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema mbuzi ni wa mpakani. Nikasema ndiyo, Mzee. Kiongozi anayefanya kazi mpaka saa hizi, peke yake! Ndiyo maana Felista husema baba yake haonekani nyumbani jioni.

Nikamfunga Sajini kamba. Hapo Balozi akanisihi. Kweli, alinisihi, mtu mzima. Akasema mwache alale hapa, Jumapili atarudi mwenyewe, yeye atamtunza kama anavyomtunza siku zote, huyu ni mwenzake. Akasema marehemu babu yangu alikuwa rafiki yake, walichungia ng'ombe kijito hiki.

Nikaelewa ananijaribu. Anataka kuona kama ni raia mwaminifu. Nikakusanya nguvu zote. Nikamwambia, "Mzee, kwetu hatufichi mbwa." Maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mzima! Balozi akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani aliguswa.

Nimemrudisha Sajini. Nusu ya njia nimembeba. Amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu, mafundo mawili.

Jumamosi, 13 Desemba.



Walikuja mapema. Kisyeri mbele na rungu, wenzake wawili nyuma, Balozi ubavuni amekonda kwa siku moja. Kijiji kizima kikafuata kuangalia, kwa sababu ya habari za kubweka. Mama yake Kisyeri alikuwepo. Felista alikuwepo, na Radi wake kwenye kamba.

Balozi akauliza kwa sauti ya juu, huku ananikazia macho, "Nadhani mbwa wa nyumba hii hayupo?" Nikamtoa Sajini. Masizi mapya, anang'aa.

Kisyeri akapiga makofi sikioni mwa Sajini. Hakuna kitu. Akamtupia mfupa. Ukampiga puani, akaulalia. Kisyeri akapitisha kidole kwenye mdomo wa mbwa, kidole kikatoka cheusi. Bibi akafunika uso. Nikakimbia nyuma ya ghala, nikabweka. Nikamsikia Kisyeri anasema, "Wegesa, toka huko." Nikatoka.

Akasema mbwa huyu ni kiziwi, kipofu nusu, na amepakwa rangi. Kazi hana. Sheria ni sheria. Akasema pole, Bibi, na nadhani alisema kweli. Akanyanyua rungu. Bibi, aliyekaa kando yake, akatoa miguu yake kwenye blanketi, akaiweka juu ya mgongo wa Sajini, ile miwili isiyopata joto. Akasema, "Mura, kijana wangu, anza na hii."

Na mimi nikapiga kelele. Sauti ile ile ya nyuma ya ghala! Nikasema Sajini ana kazi! Kila alasiri yuko mahameni na Mzee Nyangwine! Nimeona kwa macho yangu! Balozi amewasha moto, na Sajini analinda tumbaku na wale mbuzi, na mshahara wake ni maziwa!

Hata Radi akaacha kubweka.

Kisyeri akamtazama Balozi. Balozi akatazama mawingu. Wenzake Kisyeri wakatazama viatu. Nikashangaa, maana karibu kila mtu uani alikuwa ameanza kutazama kitu fulani. Jirani wa kulia alitazama mkuki wake. Baba yangu alitazama paa, na Baba hajawahi kujali paa. Kisha mama yake Kisyeri akakohoa. Alikohoa mara nyingine, kwa nguvu, na nikaona ndani ya kapu lake, chini kabisa, ndizi mbivu, na hapa kijijini migomba bado haijazaa.

Kisyeri aliona ndizi. Akashusha rungu.

Balozi akapata sauti. Akasema ni kweli, alisahau kuutangazia umma. Mbwa huyu ni mlinzi wa mipaka ya kijiji, chini ya ofisi ya balozi. Kazi ya usalama, haisemwi ovyo. Kisyeri akauliza wananchi kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyekuwa na swali. Kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kwake.

Radi wa Felista amepita pia. Anabweka sana lakini si mtumishi wa umma.

Jumapili, 14 Desemba.

Kanisani nilishukuru. Nimemwokoa Sajini! Nikiangalia nyuma, naona mipango yote ilisaidiana: gwaride lilimtambulisha, shamba lilionyesha nia, masizi yalimpa heshima, na kubweka kulinifungua koo. Mtu asingefikiri kidogo kidogo hivyo, mbwa angekufa.

Felista amenuna. Anasema baba yake hajalala. Anasema tangu jana kila mzee wa nyumba kumi amejitolea kukagua mipaka pamoja na Sajini, wengine na majembe, na kule mahameni leo alasiri moshi ulikuwa mwingi kama siku ya arusi. Mama yake Kisyeri alipita kwetu na kapu, akauliza mlinzi ameshaondoka au amsubiri waende wote. Ushirikiano wa ajabu. Mwaka mzima tumehimizwa kufanya kazi pamoja, kumbe alihitajika mbwa mmoja.

Baada ya ibada Balozi alinishika mkono. Akasema, "Wegesa, mwanangu, nakuomba, usinisaidie tena." Unyenyekevu gani huo! Wakubwa wengine wangetaka wasifiwe.

Na ndiyo maana lazima asifiwe. Mwenyekiti ametangaza kuwa Jumatano atakuja mgeni kutoka wilayani kuona jinsi tulivyotulia katika kijiji kipya. Nani atamweleza habari za ulinzi wa mipaka? Balozi hatajisema. Wengine wana haya, niliwaona jana wanavyotazama chini. Mimi zamani nilikuwa na haya. Sasa nina sauti. Nimekwenda nyuma ya ghala nikajizoeza: "Mgeni wetu, karibu, nikupeleke mahameni ukaone wazee wetu wanavyofanya kazi."

Bibi alinisikia. Alikuwa anamkanda Sajini nyonga, maana leo amechoka, wageni walikuwa wengi. Aliniita nikae. Akasema pengine Jumatano na mimi ningeondoka na Sajini asubuhi na mapema, nikae huko huko mahameni, nisionekane hapa mpaka mgeni ameondoka.

Bibi ana akili! Sikuwa nimewaza hilo. Nitatangulia, nisafishe njia, nimpokee mgeni kule kule.